Mtoto wa Kilo Kumi na Mbili

Darasani walimwita Shangazi. Wenzake walikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini; yeye thelathini na minne, na tisa kati ya hiyo aliimaliza akipiga deki na kupanga makasha kwenye chumba cha dawa cha hospitali. Mfamasia wa pale ndiye aliyemchokoza ajaze fomu za chuo. Akajaza kwa mzaha, jibu likaja la kweli. Binti yake wa pekee, wa miaka miwili, akamwachia mama yake mzazi, akapanda basi bila kugeuka nyuma, maana angegeuka asingeondoka.

Muhula wa kwanza hesabu za dozi zilimtoa jasho: alama thelathini na moja. Si kwamba hakuwa na kichwa. Kichwa kilikuwa nyumbani. Kila jioni alipiga simu. Mwanzoni mtoto alilia. Mwezi wa tatu akawa anasema "haya" na kukimbilia michezo yake, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama, nataka kurudi," alisema siku moja.

"Urudi ufanye nini? Mtoto anakula, analala, anayesumbuliwa ni mimi. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga."

Akayaoga. Aliwaomba vijana wa darasani wamfundishe hesabu, naye akawafundisha kusoma mwandiko wa madaktari, ule ambao hata kuku angeuonea haya.

Mwisho wa mwaka wa pili ukaja mtihani wa vitendo. Mkufunzi alimsukumia cheti cha dawa: mtoto, kilo kumi na mbili, homa, parasetamo ya maji, mililita ishirini kila baada ya saa sita. Shangazi alishika chupa, akairudisha mezani. Kilo kumi na mbili. Mikono yake iliujua uzito huo. Ndio aliomkabidhi mama yake pale stendi. Akasoma lebo, akapiga hesabu mara mbili.

"Hii sitoi," alisema.

"Daktari ameandika. Wewe nani?"

"Imezidi zaidi ya mara mbili. Inatakiwa saba na nusu. Nampigia daktari kwanza."

Mkufunzi aliandika kitu, uso mkavu. Matokeo yalipobandikwa Shangazi alikuwa wa pili darasani, na vijana wakambeba juujuu mpaka kiatu kikamvuka.

Likizo akafika nyumbani. Binti alisimama nyuma ya bibi yake, kashika sketi.

"Msalimie mama yako."

"Shikamoo," akasema mtoto, kwa adabu ile wanayopewa wageni.

Shangazi alicheka ili asilie. Siku mbili mtoto alimzunguka kwa mbali. Ya tatu, wakati wa chakula, akaja mwenyewe akampanda mapajani.

"Unaondoka lini?"

"Bado siku kumi na nne."

Mtoto akaanza kuhesabu vidole. Vikamwishia. Akauvuta mkono wa mama yake, akaendelea.