Blanketi la Harro Kwenye Kamba

Notburga hakumwamini mtu anayefuta viatu mara mbili kabla ya kuingia, wala mgeni asiyelalamikia supu. Alikuwa amezeekea katika kusimamia vyumba vya hoteli ile kongwe, juu kule Tirol, milimani Austria, ambako barabara huishia, na alichojifunza ni kwamba mtu hawi mwema bure. Kwa hiyo Bibi Daktari wa chumba cha tisa alipoanza kumtupia Harro vipande vya nyama ya moshi chini ya meza, machale yalimcheza.

Mbwa ni wageni halali katika nyumba ile tangu enzi za babu. Wana bakuli zao mlangoni, na theluji ikishika utawakuta wamejilaza mbele ya jiko kubwa la vigae kama magunia, wa tajiri na wa mchunga ng'ombe pamoja. Lakini Harro hakuwa mgeni. Alikuwa mbwa wa Notburga, mzee, macho yameingia ukungu, na majira ya vuli aliwahi kukojolea buti la bwana mmoja chumba kizima kikitazama. Severin, kijana mwenye hoteli, alipandwa na hasira: "Akikojoa tena humu ndani, anateremka bondeni!" Na pale juu kila mtu anajua kwamba mbwa mzee akiteremshwa bondeni, hapandi tena.

Tangu siku hiyo Notburga hakukosa asubuhi hata moja kulikagua blanketi la Harro lenye mistari myekundu. Kila mara alilikuta kavu. Hilo ndilo lililomkosesha raha: kavu, safi, linanukia sabuni. Mbwa gani mzee ananukia sabuni? Tena Bibi Daktari alikuwa akimpapasa Harro tumbo na kuuliza umri wake, kisha ananong'ona na Severin kwenye ngazi. Notburga akitokea tu, wanaanza kusifu hali ya hewa. Theluji ilikuwa imeziba madirisha ya chini. Hali gani ya hewa ya kusifiwa?

Mkesha wa sikukuu ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari, alikwenda nyuma ya banda la kuni kutafuta vijiti vikavu vya kuwashia chetezo, na hapo moyo ukamlipuka. Kwenye kamba palining'inia blanketi la mistari myekundu, limeganda kama ubao.

Tangu Krismasi hadi Wafalme Watatu wapite, hakuna anayeanika nguo pale juu, hata soksi. Nguo iliyoanikwa siku hizo hugeuka sanda ya mtu wa nyumba hiyo, na aliyeianika ndiye anayetangulia kwenye foleni. Mwenyeji gani angethubutu? Hakuna. Basi ni mgeni, na mgeni aliyemzoea Harro ni mmoja tu. 

Jua lilipozama walianza kufukiza nyumba, desturi ya mkesha huo. Severin alitangulia na chetezo cha ubani, kama baba yake alivyokuwa akifanya, Notburga akafuata na maji ya baraka, Harro akajikokota nyuma yao. Walipofika chumba cha tisa, mezani palikuwa na sindano na kichupa.

"Hiyo sindano ya nani?" aliuliza Notburga.

"Ya Harro," alisema Bibi Daktari.

"Nilijua! Unamlisha nyama, unamfulia blanketi, kumbe unataka kuniulia mbwa mkesha wa sikukuu!"

"Burgl, subiri kwanza," alisema Severin, akimwita kwa jina lake la mkato.

"Usiniambie subiri! Nepi zako nimebadilisha mimi!"

"Ni dawa ya kibofu, Bi Notburga," alisema mgeni. "Mimi daktari wa mifugo, Severin ndiye aliyeniomba nimtibu. Na blanketi sijaligusa. Nipo likizo, sifui."

Severin alikuwa akiyatazama makaa kana kwamba yangemjibia. "Ni mimi," alisema. "Analilowesha kila usiku. Nalibadilisha kabla hujaamka. Yapo mawili, huwezi kuyatofautisha."

"Na mashine ya kukaushia iko chini!"

"Ufunguo wake uko shingoni mwako."

"Si ungesema tu, mpumbavu wee!"

"Nilishatamka mbele ya watu wote. Ningeyameza vipi?"

"Ukaenda kuanika. Siku hizi! Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nikawaza, kwani huyu akiondoka, wewe ungepona?"

Notburga alinyunyizia kizingiti maji ya baraka. Aliona aibu, akamalizia vyumba vilivyobaki bila kumtazama usoni.

Asubuhi, siku yenyewe ya Wafalme Watatu, aliling'oa lile blanketi nyuma ya banda akalileta mbele, kwenye kamba inayotazama njia ya kanisa. Kisha akavua aproni yake, akailowesha, akaitundika kando yake. Watu waliokuwa wakienda misa walisimama, wakafanya ishara ya msalaba.

"Burgl, una wazimu? Unaanika leo?" aliuliza mmoja wao.

"Nipo foleni na Severin," alisema Notburga, akakaza kibanio.