Kumfunga Lamya Mkaja

Khulood binti Hamdan alisomesha Kiingereza chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiyakusanya maneno ya kale ya lugha hiyo yanayohusu kanda na kufunga. Hakuna aliyemtuma. Alianza na neno moja alilokutana nalo akisoma, jess, ukanda wa ngozi wa mguuni mwa kozi, ndege wa kuwindia, na tokea hapo hakuacha.

Jioni, nyumbani kwao Al Khoudh, alikuwa akimsomea mama yake maneno hayo huku wakinywa kahawa. Bi Masouda, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Maskati akiwa msichana, alikuwa akimjibu kwa yake ya Kiswahili, ya mishipi ya kiunoni: kibwebwe, masombo, mahazamu. "Na sisi tunayo," akisema.

Neno moja Khulood alilijua kwa jina tu. Mkaja ni kitambaa kirefu cha bafta, pamba nyeupe, anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, ili tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Bi Masouda ndiye aliyewafunga wanawake wa ukoo mzima, lakini wasichana hutolewa chumbani wakati huo, na Khulood hakuolewa wala hakuzaa. Mlango ulikuwa ukifungwa naye yuko nje.

Kaka yake Asaad na mkewe Lamya, waliokuwa wakiishi nao nyumba moja, walikaa muda mrefu bila ya mtoto. Lamya aliposhika mimba, nyumba ilijaa nguo ndogo. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, alimwambia mumewe kuwa mtoto hachezi. Hospitali walitafuta mapigo ya moyo wasiyapate. Alizaliwa mtoto wa kiume, mzima wa viungo, hana pumzi. Asaad alimpa jina la Yazan na kumzika siku ile ile.

Lamya aliporudi nyumbani alilala ameuelekea ukuta. Chai iliingia na kutoka vile vile.

Bi Masouda alimwita binti yake jikoni. "Nenda Ruwi ukanunue bafta. Ile laini."

"Mama, utamfunga mkaja? Mtoto hayupo."

"Mtoto hayupo, lakini kuzaa amezaa." Akaitazama mikono yake, ambayo kwa maradhi ilikuwa haiachi kutetemeka. "Na utakayemfunga ni wewe. Mimi siwezi tena."

Muuza nguo wa Ruwi, Mhindi mzee aliyezoea wateja wa Kizanzibari, alijua bafta ile ni ya nini. Alipokuwa akiikunja aliuliza kwa furaha, "Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume," Khulood alijibu. Aliichukua nguo, akaingia garini, na akakaa pale mpaka macho yake yalipoweza kuona njia.

Lamya alikataa. Alisema pole pole, bila ya kugeuka, "Mama, msinifunge. Mkaja ni wa wazazi."

"Na wewe ni nani?" Bi Masouda alimuuliza. Alikaa miguuni pa kitanda, akamshika unyayo.

Muda ukapita. Kisha Lamya akageuka. Kanzu yake ilikuwa imerowa kifuani.

"Maziwa yametoka," alisema. "Hayajui."

Khulood alipiga magoti. Bi Masouda alimwelekeza: aanzie chini, kwenye nyonga, apande juu, asimbane pumzi. Khulood alizungusha kitambaa kwa woga, kikalegea na kuteleza. Akaanza upya.

"Kaza, wifi," Lamya alisema. "Nnahisi kama nitamwagika."

Akakaza. Vidole vyake viligusa ngozi ya tumbo lile, laini na tupu.

"Nambie maneno yako," Lamya alisema. "Yale unayomsomea Mama. Nnayasikia kila siku kupitia ukuta."

Khulood akamwambia huku mikono ikienda. Alimtajia jess. Alimtajia snood, utepe ambao wasichana wa Uskochi walikuwa wakifungia nywele, wakauvua wakiolewa. Alimtajia na neno la ukanda wa kufungia miganda ya ngano. Neno moja aliliruka.

"Na mtoto? Watu hao hawakuwa na neno la mtoto?"

Khulood alimtazama mama yake.

"Walikuwa nalo," alisema. "Swathe-band. Kitambaa anachozungushiwa mtoto mchanga, asishtuke usingizini."

Lamya alilirudia neno lile kwa sauti ndogo. Mkaja ulipokwisha kufungwa na kupachikwa, aliomba aitiwe mumewe. Asaad aliingia, akasimama karibu na kabati kama mgeni.

"Sanda nani alimfunga?" Lamya alimuuliza.

"Mimi."

"Na kaburini?"

"Nilishuka mimi. Nilimfungua mafundo mwenyewe, nikamlaza kwa ubavu, akaelekea kibla. Hukuniuliza. Sikujua kama unataka kujua."

Hapo ndipo Lamya alipolia, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Asaad akakaa kando yake. Bi Masouda na Khulood walitoka, wakaurudisha mlango.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kusomesha, Khulood alimfunga wifi yake mpaka arubaini ikatimia. Katikati ya siku hizo Bi Masouda aliacha kumwelekeza. Lamya alirudi kazini kwake benki. Siku nyengine alikuwa sawa, nyengine alirudi mapema na kujifungia.

Mwaka uliofuata binamu yao wa Bustan alijifungua salama, na familia ikamwita Khulood, si mama yake. Lamya alijitolea kumpeleka kwa gari. Walipofika alisema atangoja nje. Khulood hakumshurutisha, alichukua bafta yake, akaingia.

Alipotoka alimkuta Lamya palepale, mikono kwenye usukani, gari inanguruma. Walikuwa wameshafika barabara kubwa Lamya alipouliza, "Wamempa jina gani?"

"Nawar."

"Zuri," Lamya alisema, na akaendelea kuendesha.