Bi Geuka na Mgongo wa Mbeba Unga

Saa tatu kasoro robo asubuhi, muuguzi mmoja amesimama katikati ya kibanda cha ushonaji, mikono ameitenga na mwili kama mtu anayevuka maji. Gauni alilovaa lina pini kumi na nne na anaogopa kila moja.

“Nyuma ikoje?” anauliza.

Fundi ana pini nyingine mbili mdomoni. Anazitoa moja moja, anazichomeka kwenye kimto kilichofungwa mkononi kwa lastiki, anafuta vidole kwenye sketi, ndipo anaichukua simu iliyolala juu ya cherehani.

“Geuka.”

Muuguzi anageuka. Simu inatoa mlio mdogo. Kioo kilichoegemezwa ukutani kinamwonyesha mtu upande wa mbele tu, basi kazi ya nyuma inafanywa na simu.

“Ee! Huyu ni mimi? Mbona nimenyooka hivi?”

“Ni wewe. Zipu ndiyo haijanyooka. Njoo Alhamisi.”

Kwa neno hilo moja, mtaa mzima unamwita Bi Geuka. Ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameikalia kwenye kigoda hichohicho, mguu kwenye kanyagio. Upigaji picha hakuusomea popote. Ulianza miaka mitatu iliyopita, wateja walipochoka kupindisha shingo mbele ya kioo.

“Mtu anaishi na mgongo wake miaka sitini na hajawahi kukutana nao,” anasema huku akiung’ata uzi kuukata. “Mimi nawakutanisha.”

“Na ukiwakutanisha wanagombana,” anadakia wifi yake, ambaye hushona vifungo na mapindo pembeni ya mlango. “Yule wa juzi alisema umemnenepesha.”

“Unene alikuja nao, wifi. Mimi nilimpa gauni tu.”

Simu yenyewe aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa bei ya magauni manne yenye bitana. Kona moja ina ufa. Wiki nzuri Bi Geuka humaliza magauni saba. Wiki mbaya ni zipu na kubana suruali, na kodi ya kibanda haijui wiki nzuri wala mbaya. Picha hazimwingizii kitu. “Wanaonifuata ni elfu nne na mia tatu,” anasema, “na hakuna hata mmoja aliyewahi kunilipia umeme.”

Ukurasa alifunguliwa na binti yake, miaka miwili sasa. Mama akaweka masharti yake: kwanza mtu aombwe, uso usionekane, jina lisiandikwe. Chini ya kila mgongo huandika maneno machache, vilevile anavyoandika kwenye daftari la vipimo: “Mgongo mrefu, kiuno kiko juu. Shingo ya kuvalia kola iliyolala.” Watu hupenda kubahatisha ni nani. Safari moja alipandisha mgongo wa bwana aliyekuja kurekebisha koti, na haikupita nusu saa mtu akaandika: “Huyo ni mwalimu wetu wa hesabu. Mgongo huo tuliutazama miaka minne ubaoni, naujua kuliko hesabu zenyewe.”

Wasumbufu nao wapo. “Kuna mmoja kila siku ananiandikia, tuonyeshe uso, tuonyeshe uso. Akaunti yake yeye ina picha ya ua. Nikamjibu, anza wewe. Hajarudi.”

Katika migongo yote hiyo, upo mmoja ambao Bi Geuka anauzungumzia kwa sauti ya chini kidogo.

Mbele ya kibanda, ng’ambo ya barabara, kuna ghala la unga lenye milango miwili inayotazamana. Jumanne moja alasiri, jua liliingia kwa mlango wa nyuma na kulijaza ghala lote vumbi jeupe. Katikati ya vumbi hilo alikuwa anapita mbeba mizigo ambaye wenzake humwita Kobe, kwa kuwa hana haraka na hajawahi kutua gunia katikati ya njia. Gunia lilikuwa bega la kushoto. Unga ulikuwa umemwagikia fulana yake hadi kiunoni.

Bi Geuka aliipiga picha hiyo akiwa kwenye kigoda, kupitia dirishani. Hakumwomba mtu.

“Nilikuwa na kitambaa cha watu chini ya sindano,” anaeleza. “Nikasema nitamwomba baadaye. Baadaye nikasahau. Sina neno jingine la kujitetea.”

Jioni aliipandisha, na chini yake akaandika kwa kipimo cha jicho, kama alivyozoea: “Mgongo mpana, inchi kumi na tisa. Bega la kulia limeshuka vidole viwili.”

Picha ilikimbia kuliko zote. Kufika Alhamisi watu zaidi ya elfu mbili walikuwa wameipenda, na ujumbe ukaingia kutoka kwa waandalizi wa maonyesho ya wapiga picha wa ridhaa katika ukumbi wa maktaba. Walitaka picha zake tisa. Ile ya mbeba unga wataitundika katikati, kubwa kama mlango. Bi Geuka aliusoma ujumbe mara tatu, akampa wifi yake asome, kisha akampokonya simu ausome tena mwenyewe.

Ijumaa, wifi ndiye aliyeona kwanza.

“Kobe leo simwoni.”

“Labda amepumzika.”

“Kobe? Huyo hata mafua anakwenda nayo kazini.”

Jumamosi hakuonekana. Jumatatu hakuonekana. Bi Geuka akaweka mkasi chini, akavuka barabara. Wabebaji walikuwa wamekaa kungoja lori, mmoja wao amejilaza juu ya mizani.

“Unatuuliza sisi?” akasema yule wa kwenye mizani. “Si wewe uliyempima? Msimamizi kasoma kwenye simu kwamba bega la mtu limeshuka. Kasema mwenye bega bovu habebi kilo hamsini hapa. Kamwambia akae nyumbani.”

“Nilihisi kama nimepitisha mkasi kwenye kitambaa cha mteja mahali pasipo na chaki,” anasema Bi Geuka. “Ukishakata hivyo, hakuna uzi wa kukusaidia.”

Aliifuta picha kwenye ukurasa palepale, amesimama kando ya lori. Kisha akawaandikia waandalizi kwamba ile ya katikati haipo tena, watundike nane. Wakamjibu kwamba bila hiyo ukuta utakuwa na pengo, amtafute tu mwenye mgongo atie saini ya ruhusa. Jibu lake bado lipo kwenye simu: “Siwezi kumwomba saini mtu niliyemwachisha kazi.”

Alasiri hiyohiyo alifunga kibanda, akaenda nyumbani kwa Kobe. Ni vyumba viwili mwisho wa ukumbi mrefu wenye milango mingi, viatu vimepangwa nje kwa ukubwa. Mke wa Kobe alikuwa anasugua sufuria, na hakuacha kusugua.

“Wewe ndiye wa simu?”

“Ndiye mimi, dada.”

“Leo siku ya tatu. Unajua siku tatu za mtu anayelipwa kwa gunia?”

“Sikuja kujitetea. Nimekuja kusema nimekosa.”

“Kukosa umekosa,” akasema mke. “Keti.”

Kobe, mwenye miaka hamsini na miwili, alitoka chumba cha ndani akifunga vifungo vya shati. Picha alikuwa hajaiona vizuri. Simu yake ni ya kubonyeza, na msimamizi alimwonyesha kwa mbali kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Bi Geuka akaitafuta mahali ilipobaki ndani ya simu, akampa. Kobe akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

“Huyu ni baba,” akasema.

“Ni wewe huyo,” mkewe akamwambia.

“Najua ni mimi. Nasema huyu ni baba anakwenda kazini.”

Baba yake, akaeleza, alikuwa karani. Maisha yake yote hakubeba kizito kuliko gazeti la kwapani, na bega lake la kulia lilikaa hivihivi, hata ofisini wenzake walimtania kwamba anaegemea ukuta usioonekana.

“Kwa hiyo halikushuka kwa mizigo?” Bi Geuka akauliza.

“Halikushuka. Nilizaliwa nalo.”

“Mbona hukumwambia msimamizi?”

“Hakuniuliza. Alinionyesha simu.”

Kesho yake asubuhi, Bi Geuka aliingia ghalani na madaftari manne yamefungwa pamoja kwa kamba ya kitambaa, tepu shingoni. Msimamizi ni mteja wake wa siku nyingi.

“Bi Geuka! Shati langu tayari?”

“Shati lipo. Geuka.”

“Nini?”

“Geuka, kaka.”

Wabebaji wakaacha magunia. Msimamizi akatazama kushoto na kulia, akaona hapana pa kukimbilia, akageuka. Bi Geuka akamtandazia tepu begani, akampiga picha, akamwonyesha.

“La kushoto limeshuka kidole kimoja na nusu. Huu mwaka wa sita nakushonea, na kila shati lako nalitia sponji upande huo. Ndiyo maana hujawahi kujua.”

“Msimamizi naye akae nyumbani!” akapaza sauti yule wa kwenye mizani, na ghala zima likaangua kicheko.

Bi Geuka hakucheka. Alifungua daftari la kwanza juu ya gunia. “Humu mna watu mia tatu na kumi na wawili. Wenye mabega sawa ni wawili, na mmoja ni sanamu ya kuvalisha nguo. Kobe hakuumia. Maneno yalikuwa yangu, na niliyaandika kama fundi, sikuyaandika kama daktari.”

Msimamizi naye alikuwa na lake. Mwaka juzi kijana wa kazi aliteleza ngazini na gunia, na mpaka leo anachechemea. “Mimi ndiye niliyemkimbiza hospitali,” akasema. “Sirudii. Aniletee karatasi ya zahanati, aanze siku hiyohiyo.”

Kobe alikwenda zahanati Jumatano, wakamzungusha mkono, wakamnyanyulisha mzigo, wakaandika kwamba bega ni zima. Alhamisi saa moja alikuwa ghalani. Siku tano zilikuwa zimepotea, na Bi Geuka hakuwa na namna ya kuzirudisha. Mke wa Kobe ndiye aliyemkatia shauri: sare mbili za shule, na mapindo yawe marefu, kwa kuwa watoto wanakua. Alizishona kabla ya magauni ya wateja wawili, ambao walinuna.

Wiki hiyo, baada ya kazi, Kobe aliingia kibandani na unga kwenye nyusi.

“Ile picha umeiweka wapi?”

“Nimeifuta.”

“Nani kakwambia uifute?”

“Sikuwa na ruhusa yako.”

“Hukuiomba.”

Wifi akainamia vifungo vyake ili asionekane anacheka. Bi Geuka akainuka kwenye kigoda, akanyoosha sketi, akasimama wima kama aliyeitwa mbele ya darasa. “Kaka, naomba ruhusa yako nikaitundike picha hiyo ukumbini.”

Kobe hakuwa na haraka. Aliuliza ukumbi wenyewe uko wapi, na watu huingia saa ngapi, na kama itakuwa ndani ya kioo ama wazi watu waishike. Mwisho akasema atatia saini, lakini maneno ya chini atayasema yeye. Karatasi haikuwa karibu. Bi Geuka akayaandika kwa chaki juu ya kipande cha kitambaa kilichobaki: “Mgongo huu ni wa baba. Mimi nautumia tu.”

Tangu siku hiyo utaratibu umebadilika. Bi Geuka anairudia migongo yote mia mbili na kumi na miwili iliyoko kwenye ukurasa wake, anawapigia wenyewe mmoja mmoja na kuwauliza wangependa kiandikwe nini. Amefika wa arobaini. Mmoja aliomba picha yake iondolewe, ikaondolewa. Mwingine alisema bila kufikiri: “Andika sijaolewa, na namba yangu iko kwa fundi.”

“Ikaandikwa?” anaulizwa.

“Ikaandikwa. Simu za watu sasa hazinipi nafasi ya kushona.”

Leo, muuguzi alipoondoka, anayefuata ni Kobe mwenyewe. Amekuja kupima shati la siku ya ufunguzi, Jumamosi ya wiki ijayo. Kitambaa ni cha kijivu, amekichagua mkewe. Bi Geuka amemvalisha vipande vilivyoshikizwa kwa uzi wa muda, na ameanza kukata sponji ya bega la kulia, kama anavyomfanyia kila mtu bila kumwambia.

“Hiyo ya nini?” Kobe anauliza.

“Ya kulinyanyua, mabega yalingane.”

“Iache. Kata lilivyokaa.”

Mkasi unasimama. Bi Geuka anamtazama, anairudisha sponji kwenye kikapu, anachukua chaki na kuchora upya mstari wa bega.

Tumaini lake la siku hiyo ni dogo na amelipanga vizuri. Anataka watu wajae mbele ya picha kubwa ya katikati, waisome, waanze kubahatisha kama kawaida yao, na Kobe awe amesimama hatua tatu tu kutoka kwao, amewapa mgongo. “Nataka wamwone wenyewe,” anasema. “Baada ya hapo nitaanza migongo ya wabebaji wote wa ghala, mmoja mmoja, kwa kuwaomba. Msimamizi keshasema yeye ndiye wa kwanza.”

“Wewe fanya shati liwe tayari Ijumaa,” Kobe anamwambia, mikono bado ameitenga na mwili kwa hofu ya pini. “Nikija na fulana ya kazini, watanipa viti niwapangie.”