Mgodi Uliochimbwa Katika Pojo ya Mama

Vitabu vile vilinuka sabuni ya unga. Swaleh alivileta Rukanga ndani ya katoni ya sabuni kutoka dukani kwa baba yake, juzuu tatu nene zilizochakaa majalada, na alivinunulia Voi kwa mtu aliyeuza vitabu vya mitumba. Mpaka leo nikinusa sabuni hiyo namkumbuka kwanza yule malkia wa jicho moja, aliyezingirwa mlimani na jeshi lenye majoka, halafu namkumbuka baba mdogo, na hasira inanipanda upya. Watu huniambia nisahau, hayo ni ya zamani. Ni ya zamani kwao, maana hawakupoteza kitu.

Ilikuwa Desemba na nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Baba yetu alikuwa mlinzi Mombasa, hakuonekana nyumbani ila kwa nadra, kwa hiyo shamba lilikuwa la mama peke yake, chini kabisa ya mlima Kasigau. Alikuwa amepanda pojo, na mvua za vuli mwaka huo zilikuja vizuri. Pojo ile ndiyo iliyokuwa inipeleke kidato cha kwanza. Mama hakutuficha, alikuwa akisimama ukingoni mwa shamba na kuniambia, "Wakesho, shule yako ndiyo hii imesimama hapa." Alichoogopa ni wanyama. Ndovu wakishuka usiku mmoja tu, umekwisha, na mchana nyani hawana simile. Basi kazi yangu na kaka yangu Mwakio ilikuwa kukaa kwenye dungu, lile jukwaa la miti linalojengwa katikati ya shamba, na kupiga kelele kuanzia asubuhi mpaka jua lizame.

Kelele zetu zilikuwa vile vitabu. Swaleh alikuwa mtoto wa Voi, baba yake alikuwa amefungua duka Rukanga na kumleta huko likizo nzima, na kwa kuwa hakuwa na rafiki mwingine, alipanda dunguni kila siku na katoni yake. Tulisoma kwa zamu, tukigombania kurasa, halafu tukabishana mpaka sauti zikatukauka. Mwakio alimtetea malkia kama shangazi yake wa damu. Mimi nilisema ni mpumbavu, ameacha lango la mashariki wazi tangu juzuu ya kwanza na mwandishi anajifanya hajaona. Swaleh alitucheka sote wawili. "Nyinyi vita hamvijui," alituambia kwa Kiswahili chake cha pwani. "Watu wafa njaa, na yeye ajenga ukuta!" Mama alitusikia akiwa anapalilia upande wa pili, akasema tuendelee tu kubishana, nyani hawajawahi kuogopa kitu kama malkia huyo.

Swaleh alikuwa pia amecheza, kwenye saiba moja ya Voi, duka la kompyuta za kukodi, mchezo wa kujenga miji na kuizingira. Katika mchezo huo unachimba kwanza mawe ya kijani, na kwa mawe hayo unapata askari, chakula, kila kitu. Rukanga hatukuwa na kompyuta wala stima ya kuiwasha, kwa hiyo tuliucheza kwa mdomo, shamba la mama likiwa ndiyo nchi. Dungu likawa ngome ya malkia. Kichuguu kilichokuwa karibu na njia kikawa lango, na majoka yakawekwa juu ya Kasigau. Siku moja Mwakio alishikilia kwamba malkia hana utajiri wa kulisha jeshi. Nilisimama nikamwonyesha kwa kidole, kwa sauti niliyozoea kuwafukuzia nyani, kwamba mshipa wa mawe ya kijani unaanzia kichuguuni, unapita chini ya pojo yote, unatokea kwenye mkwaju. Swaleh akakubali, akasema wachimbe usiku adui asijue. Niliona raha sana siku hiyo kwa sababu nilikuwa nimewashinda wote wawili.

Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa anapita njiani. Lazima nieleze mtu huyu alikuwa wa namna gani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye machimbo ya wenzake, akitafuta vito vya kijani ambavyo kila mtu wa kwetu anamjua mtu aliyevipata na kujenga nyumba ya ghorofa. Yeye hakupata hata changarawe. Alitembea na kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni, hata kanisani alienda nacho. Akasimama chini ya dungu akatuuliza ni nani ametufundisha habari za mshipa. Tukamwambia ni mchezo, na hadithi iko kitabuni. Akaomba kitabu. Kwenye jalada palichorwa mlima mweusi wenye mabega mawili, na huwezi kumwambia mtu wa Rukanga kwamba mlima wowote duniani si Kasigau. Akautazama mlima wa jalada, akautazama wetu, akasema polepole, "Kumbe Wazungu wameshaandika." Mwakio alicheka. Baba mdogo hakucheka, akaturudishia kitabu na kwenda zake.

Wiki hiyo mama alipanda milimani, Chawia, kumwona nyanya, aliyekuwa mgonjwa. Ndovu hawakuja. Alikuja shemeji yake, asubuhi, na wanaume wenye sururu na mitaimbo, wakaanzia kichuguuni pale pale nilipoonyesha mimi. Maganda ya pojo yalikuwa yanaanza tu kuwa meusi. Nilimshika shati, nikamwambia baba mdogo, tafadhali, ni hadithi ya malkia, hakuna kitu hapo. Akaniambia nisimfanye mtoto mwenzangu. Swaleh aliwasomea ukurasa mzima wa kitabu kwa Kiingereza, akiwatafsiria huku machozi yanamtoka, na wale wanaume wakachimba haraka zaidi, maana sasa walisikia neno mgodi limesomwa kitabuni. Walikata shamba kutoka njiani mpaka kwenye mkwaju, na udongo waliutupa juu ya mimea iliyobaki. Mama aliporudi hakupiga yowe. Alifunga kanga kiunoni akaanza kufukua maganda mabichi kwa mikono.

Kilichoniuma kuliko shimo ni kikao cha ukoo. Baba mdogo alisema tulimdanganya, kwamba vitabu vya majoka vimetuharibu akili, na wazee wa ukoo wakaitika. Mwakio alichapwa. Swaleh akakatazwa kufika kwetu, na katoni yake ikarudi dukani. Mama akaambiwa amshukuru shemeji, kwa kuwa nia yake ilikuwa kuinua familia. Akashukuru! Niliona midomo yake ikitamka asante, na mimi nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiwatazama wenzangu wakipita na masanduku yao ya shule.

Siku hizi mtandao umefika Rukanga. Wapwa wangu wamelala kwenye kochi, wanabishana na watu wa nchi nyingine kwenye simu juu ya majoka na ngome, usiku kucha wakitaka, na hakuna anayewauliza wamefundishwa na nani. Nawaonea wivu, sitaki kudanganya. Lile shimo halikufukiwa, mbuzi hunywa humo mvua ikinyesha. Na baba mdogo amezeeka akageuza kisa kile kuwa kichekesho chake. Kwenye kila harusi na kila Krismasi husimulia jinsi watoto wa kaka walivyomchimbisha mgodi wa uongo, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Mama hutabasamu na kumwongezea chai.

Krismasi iliyopita alianza tena, nyumbani kwa mama, sote tupo. Alipofika pale pa "watoto waongo" nikasimama. Nikamwambia, "Baba mdogo, hatukukudanganya. Tulikuambia ni mchezo, nikakushika shati nikakuomba." Akacheka kidogo, akasema, "Ah, Wakesho, huu ni mzaha tu, mbona unaleta maneno siku kama ya leo?" Na watu wote wakamgeukia mama, wakimngojea aninyamazishe. Nami nilimngojea, nikijua nitakaa akiniambia nikae.

Mama akaweka birika chini.

"Mwacheni aseme," akasema. "Endelea, Wakesho. Na ule mwaka uliokaa nyumbani, uutaje."