Bastola Mupya ya Babu

Juzi, kwenye dirisha la ofisi moja hapa Kisangani, papa mmoja, mzee aliyevuka mto kwa mtumbwi wa pirogi kutoka Lubunga, alifungua kitambaa cha liputa, akatoa bastola. Muzungu anayekusanya silaha za askari wa zamani alitaka kuinunua, lakini karani alipaswa kuiandikisha kwanza.

Muzungu akaigeuza, akapangusa mafuta kwenye kitako, akakuta alama ya jeshi: taji dogo na namba.

"Ya zamani?" akauliza.

Papa akahisi bei inashuka. "Zamani? Hapana, Monsieur! Hii iko mupya kabisa!"

Karani akainua kalamu. "Bon. Kama iko mupya, papa, ruhusa ya silaha iko wapi? Bila ruhusa utalala boloko, gerezani."

Papa akaonyesha kitako kwa kidole. "Iko ya babu ya baba yangu. Mupya iko mafuta tu, nilipakaa asubuhi."

Muzungu akatabasamu, akaongeza bei. Bastola ilizeeka miaka mia kwa pumzi moja, na karani akagonga muhuri.

Mimi niliyemfuata kwenye foleni nilikuja kupunguziwa miaka mitano tu katika kitabu changu cha utambulisho. Nikaambiwa nilete mashahidi.