Siku Mama Alipozunguka Mto

Juzi sokoni Karatu nilipita karibu na gunia la vitunguu lililoloa, likinuka tope bichi, nikajikuta nimesimama.

Nilipokuwa mtoto, mama alipata kiharusi, na mguu wake wa kushoto ukabaki mzito. Asubuhi moja akaniambia, "Njoo. Leo tunazunguka."

Kuzunguka maana yake ilikuwa kufuata mto bondeni hadi kwenye vinu vya upepo vya shamba la zamani, kisha kuvuka na kurudi kupitia ng'ambo. Nchi ile ni tambarare, yote matete na majimaji, kwa hiyo vinu unaviona tangu mwanzo lakini havikaribii. Nilimshika mkono, tope la vuguvugu likipenya kati ya vidole vya miguu yangu.

Chini ya kinu cha mwisho mama alianguka. Nilimvuta nikashindwa, nikaanza kulia. Kibarua mmoja wa mashamba ya vitunguu akasimamisha pikipiki yake.

"Pole, mama. Panda nikufikishe nyumbani."

"Asante, mwanangu. Nikipanda nitakuwa sijazunguka." Kisha akanigeukia mimi. "Nipe bega."

Akainuka. Mkono wake ulinikandamiza hadi mfupa ukauma, na juu yetu mapanga ya kinu yenye kutu yalikuwa yakilia taratibu. Daraja la magogo alilivuka kwa magoti.

Nyumbani aliketi kizingitini, akanyoosha mguu, akahema kwa muda mrefu.

"Kesho tutaanzia ng'ambo," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Asubuhi yake nilipoamka, alikuwa ameshatoka, ananisubiri njiani.