Aprili ya Kusomwa Majina

Wiki iliyopita nilimpeleka mfanyakazi mwenzangu kwake Vickery Meadow, hapa Dallas, gari lake lilikuwa bovu, na nilipokata kona nikajikuta mbele ya apatimenti tulizoishi zamani. Wamezipaka rangi ya kijivu na kuweka geti. Mlinzi alinitazama, nami nikamtazama. Nilipomwambia nimekulia pale, akaandika namba ya gari langu. Sikumlaumu. Mimi ni mtoto wa baba yangu; ningekuwa yeye, ningeiandika mara mbili.

Maana baba, rafiki yangu, hakuamini kitu. Kile king'ora cha moshi kilichokuwa kinawaka kitaa chekundu darini alikivalisha soksi akidhani kinatupiga picha, mpaka mwenye nyumba akaja kufoka. Bata mzinga tuliyepewa bure kanisani alilala kwenye friji siku mbili baba akimchunguza kabla ya kumruhusu mama ampike. "Bata kashakufa," mama alimwambia, "sasa unaogopa atakutoroka?" Tulicheka, lakini sote tulikuwa tumeambukizwa. Mpaka leo nikiletewa kifurushi mlangoni, lazima nikigeuze nyuma kwanza.

Tuliishi chini, mlango wetu ukiwa karibu kabisa na ngazi. Asubuhi kulikuwa na harufu ya sombe ya mama, kile kisamvu chetu, ikigombana na harufu ya sabuni kutoka chumba cha mashine za kufulia, na treni ilipopita madirisha yalitetemeka kidogo. Kazi zangu zilikuwa tatu: kuosha masufuria, kupeleka nguo kwenye mashine, na kusoma. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa. Kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia ndani ilipita kinywani mwangu, ya umeme, ya shule, ya hospitali. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na watu wazima walikuwa wakinyamaza mpaka nimalize sentensi.

Karatasi tuliyoingoja kuliko zote ilikuwa ya Shangazi kuja Marekani. Huyu ni dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea walipokimbia Fizi, Kongo, na tulimwacha kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Alikuwa ameshafanya mahojiano yote, ameshapimwa afya, bado tiketi tu. Halafu kimya. Baba alipiga simu kila ofisi aliyoijua, mimi nikiwa mkalimani, na jibu lilikuwa neno moja, pendingi, yaani bado inasubiri. Mama alikuwa amemtandikia kitanda tayari chumbani kwangu, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukikalia.

Sasa sikia. Kambini, jina la mtu likichelewa kubandikwa kwenye ubao wa wanaosafiri, watu walikuwa na maelezo yao: ameandikiwa barua. Yaani kuna jirani mwenye wivu amepeleka karatasi ofisini kusema huyu ana wake wawili, au wale watoto si wake, au si Mkongomani kabisa. Hakuna aliyewahi kuiona barua yenyewe, lakini kila mtu alimjua aliyeiandika. Baba alikuja na imani hiyo Texas, ikiwa nzima, wala haikupata mkwaruzo njiani.

Mpira wa Kimarekani aliupenda kutokana na kazi. Kule ghalani, usipokuwa na la kusema kuhusu timu ya Dallas, ulikula chakula chako peke yako. Lakini mechi zenyewe hakuzijali sana. Alichokipenda ni Aprili, pale timu zinapochagua kwa zamu vijana wanaomaliza vyuo. Mtu mmoja mwenye suti anapanda jukwaani na karatasi, anasoma jina, na kijana aliyekuwa amekaa na mama yake anaruka juu akilia. Baba aliangalia hayo akiwa amekaa wima, mikono magotini. "Wanasoma majina," alikuwa akisema, taratibu, na mama alikuwa akigeukia jiko lake.

Basi kuanzia Machi, kila Jumamosi asubuhi, wanaume waliotoka zamu ya usiku walikaa nje ya mlango wetu juu ya ndoo za rangi, chai ya tangawizi na mandazi katikati, wakibishana nani achaguliwe. Utafikiri meneja wa timu amejificha nyuma ya pipa la takataka anaandika. Mimi nilisimama na simu ya baba nikiwasomea habari za vijana hao: urefu, uzito, mbio zao, nani aliumia wapi. Wao walisikiliza kama maofisa wa mahojiano. Kijana akisifiwa mno, waliguna. Umri wake ulijadiliwa. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa mosi Januari, hapo ndoo zilisogezwa karibu, kwa sababu nusu ya waliokaa pale walikuwa wamezaliwa mosi Januari kwa mujibu wa karatasi zao, na walijua jinsi mtu anavyozaliwa siku hiyo: karani akikosa tarehe yako, anakuandikia hiyo. Na kijana mzuri akipitwa na timu tano, sita, baba alipiga paja: "Ameandikiwa huyo! Haki ya Mungu, kuna mtu kapeleka barua."

Mbishi mkuu wa baba alikuwa jirani wa juu. Walitoka kambi moja, mitaa iliyopakana, naye alikuwa mpole, anafua mashuka hospitalini, anaishi peke yake. Alikuwa ananiita mama, kama watu wa kwetu wanavyowaita mabinti, na aliniletea sabuni ndogo ndogo za hospitali zenye harufu ya limau. Lakini kila Jumapili alisimama kwenye kibaraza chake akipiga simu kambini kwa sauti ya chini. Baba alikuwa akizima televisheni asikilize. "Anaongea na nani kule? Mbona ananong'ona?" Halafu siku moja yule mtu aliuliza, kwa wema tu nadhani, jina la marehemu mume wa Shangazi lililoandikwa kwenye kesi yake ya kusafiri. Ikawa basi. Baba alipoingia ndani alifunga mlango kwa ufunguo, kisha akarudi kuujaribu tena.

Mwaka 2018 moto ulikuwa mkali zaidi, kwani majina yalikuwa yanasomwa hapa hapa kwetu, kwenye ule uwanja mkubwa kati ya Dallas na Fort Worth. Baba alitaka mdakaji, kijana mwenye mbio. Jirani alimtaka bonge mmoja wa chuo kidogo, mmoja wa wale wanene wanaosimama mbele kumlinda mrushaji, kijana aliyelelewa na bibi yake. "Ndugu yangu, mrushaji akiangushwa, huyo mdakaji wako atadaka nini? Upepo?" Wanaume walicheka, na baba hakupenda kicheko kile. Alishaanza kusema ndani ya nyumba kwamba jirani ni mtu wa timu ya Houston kwa siri, anatushauri vibaya ili tushindwe.

Jumamosi moja nikaambiwa nisome habari za yule bonge. Niliisoma kwanza kimoyomoyo. Ilisema ni kijana mwema, hodari, na kwamba aliwahi kuumia goti shuleni lakini limepona. Hayo tu. Nikamtazama jirani amekaa na kikombe chake, nikawaza kitanda kile kitupu chumbani kwangu, nikamchukia ghafla. Nikasema: "Wanasema makocha wake hawamwamini. Wanasema ana mambo ya nyuma."

Ndoo zote zilinigeukia. Jirani aliniuliza polepole, "Imeandikwa hivyo, mama?" Nikajibu ndiyo. Akaomba simu. Aliishika muda mrefu, midomo ikicheza, na mimi nilikuwa nikijifariji kwamba Kiingereza chake ni cha darasa la jioni kanisani. Kisha akanirudishia. "Sawa," akasema. "Kama imeandikwa, imeandikwa."

Baba alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena, na sikitaki. "Umeona? Mambo ya nyuma. Kila mtu analo lake, ndugu. Wengine walikuwa wanaandika barua ofisini, leo wanakunywa chai yetu." Alilisema hivyo hivyo, mchana kweupe, mbele za watu. Jirani aliweka kikombe chini, akamshukuru mama kwa mandazi kupitia dirishani, akapanda ngazi. Nilisikia mlango wake ukifungwa, mara moja tu.

Majina yalisomwa, sisi peke yetu sebuleni. Siku ya pili yule bonge akaitwa, na timu ya kaskazini huko, mapema kuliko nilivyodhani. Walimwonyesha bibi yake akilia, kilemba kimeangukia uso. Mtangazaji alisema ni kijana ambaye kila kocha angependa kuwa naye, na bahati mbaya alilisema kwa Kiingereza chepesi mno. Baba akanigeukia. "Si ulisema hawamwamini?"

"Labda wamebadilisha mawazo," nikasema.

Akanitazama. Nilikuwa nimemwona akimtazama hivyo mtu wa posta, mwenye nyumba, yule bata. Mimi hakuwa amewahi kunitazama hivyo. Toka siku ile barua ikija nilimsomea kama kawaida, aliitikia, alinishukuru, halafu aliikunja mfukoni na kwenda nayo kazini ili asomewe na mtu mwingine. Hakunigombeza hata mara moja. Heri angenichapa.

Mwaka uliofuata jirani alihamia Houston, kule Alief. Baba akasema, "Sikuwaambia? Mtu wa Houston huyo." Lakini mama alikuwa amepanda kumsaidia kufunga vyombo, na aliposhuka alikaa kwenye kochi na kanga yake mkononi. Zile simu za Jumapili zilikuwa za mke wake. Alimwacha kambini mjamzito, kesi yake pendingi kama ya Shangazi, na hakuthubutu kumtaja kwa mtu yeyote kwa sababu aliogopa ataandikiwa barua. Na aliyemwogopa zaidi alikuwa baba. Miaka yote ile watu wawili walikunywa chai ya birika moja, kila mmoja akilinda mtu wake dhidi ya mwenzake. Baba alisikia hayo yote, akauliza kama kuna chai, akanywa amesimama.

Hakuna aliyeandika barua yoyote. Hilo nimelijua baadaye, nikiwa mtu mzima. Mlango wa wakimbizi kuingia Marekani ulipunguzwa upana miaka ile na watu wasiotujua hata majina, na sisi tulipokosa wa kumshika shati tukashikana wenyewe.

Shangazi alifariki mwanzoni mwa 2020, kambini, malaria. Tuliweka matanga nyumbani, na siku ya pili jirani akaingia, ameendesha gari kutoka Houston, amevaa suti iliyombana. Baba alisimama. Sikujua atafanya nini. Akamuuliza, "Mke wako?" Jirani akasema, "Bado." Wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, watu wazima wale, mpaka mama akatoka nje.

Nilimpelekea jirani chai jikoni. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwomba radhi. Yeye akaniwahi. "Lilikuwa goti tu," alisema, akikoroga sukari. "Nilisoma neno kwa neno." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akashangaa kama vile nimeuliza kitu cha kitoto. "Mbele ya wanaume wote wale? Baba yako angekuonaje, mama?"

Nikamwongezea chai. Alibeba jina la mwandishi wa barua miaka miwili ili mimi nisibebe jina la mwongo.

Leo wale wanaume wametawanyika, wengi wamenunua nyumba Fort Worth na wana makochi ya ngozi, hakuna anayekaa juu ya ndoo kubishana juu ya mtoto wa watu. Mke wa jirani alifika mwishowe, pamoja na binti yao anayejibu kila kitu kwa Kiingereza. Sisi tumehama. Baba amejifunza kusoma barua za Kiingereza, kwa kidole, neno baada ya neno, miwani puani. Nikimwambia, "Baba, lete nikusaidie," ananijibu kwa upole kabisa kwamba ataimaliza mwenyewe. Na nikikaa karibu naye, anaigeuza karatasi kidogo, upande wake.